Uvimbe Haupimwi kwa Tepu

Gereji ya Fundi Ngoyai,
Karatu Mjini.
Jumapili, baada ya misa ya kwanza.

Kwako Dada Petronila,

Shikamoo dada. Nimeiandika mara moja lakini wewe ihesabu mara tatu, maana tangu Noeli sijakuamkia sawasawa. Hali yako? Habari za Arash, za upepo na vumbi, na za hao watoto wa Darasa la Nne unaowafundisha ngeli za nomino huku wao wanawaza ndama? Sisi huku wazima. Mama hajambo, goti lake la kushoto linatabiri mvua kuliko redio, na mwaka huu limesema kweli: mahindi ya nyumbani Qurus yamefika kiunoni na mbaazi zinatia moyo. Yule jogoo wako amekuwa mkorofi, anamfukuza hata katekista. Mimi mwenyewe ni mzima kwa kiasi ambacho utakisoma humu.

Kwanza naomba uweke kalamu nyekundu mbali. Ile barua uliyonirudishia mwaka juzi ikiwa na viduara kumi na saba na neno "Rudia" chini yake ninayo hadi leo. Fundi Ngoyai aliiona akauliza kama nina kesi mahakamani. Ni kweli niliishia kidato cha pili, lakini niliishia kwa hiari yangu na kwa hiari ya mwalimu wa hesabu. Kwa hiyo soma kama dada, ukimaliza ndipo uwe mwalimu.

Utajiuliza kwa nini nakutumia karatasi kama babu wa zamani wakati simu ipo. Dada, ujumbe wa simu unaupata ukipanda kile kilima chenu, tena unausoma umezungukwa na walimu wenzako wote wanaotafuta mtandao. Haya ninayoandika yanataka mtu aliyekaa na mlango uliofungwa. Nimepatana na Supeet, dereva wa ile Land Cruiser ya mizigo inayokuja Loliondo kila wiki, nikamwambia akupe mkononi mwako wewe na si mwingine. Aliuliza kama ni barua ya mapenzi. Nikamjibu ni barua ya utumbo. Akacheka sana, maskini, alidhani natania.

Ujumbe wako wa wiki iliyopita niliupata. Uliandika kwamba tumbo limekusumbua tena kidogo, ni maji ya Arash tu, na nisimwambie Mama. Sijamwambia. Lakini hayo maji ya Arash tutayarudia dada, usidhani nimeyaruka. Ndiyo yaliyonikalisha chini na kalamu siku ya Jumapili wakati wenzangu wako uwanjani. Ila huwezi kuyafikia bila kupita kwangu kwanza, kwa hiyo vumilia mdogo wako ajisifu kidogo njiani.

Wewe unajua kwamba niliugua. Hujui nilivyougua, maana nilikuwa naficha kuliko mwizi wa kuku. Mtu mzima mwenye ndevu tatu kama mimi, nakwenda chooni mara nane, mara kumi kwa siku. Wakati mwingine nakwenda sina kitu kabisa, narudi nimeacha damu. Duka la dawa wakasema amiba. Nikanywa. Wakasema taifodi. Nikanywa. Wakarudia taifodi mara tatu, na hizo za amiba nilizinywa mpaka nadhani amiba wote wa wilaya ya Karatu walihamia Mbulu. Mama akachemsha mizizi yake, akasema nimetupiwa jicho kwa sababu ya kujisifu mbele za watu. Mtu kama mimi asijisifu, nani atafanya hiyo kazi?

Ndipo nikafika kwa Daktari Edna. Ni mwanamke mfupi wa Mbulu anayeongea haraka kama dalali wa mnada wa ng'ombe, ila anasikiliza polepole. Hakuniandikia dawa ya amiba. Aliniuliza maswali ya aibu yote bila kupepesa jicho, kisha akanituma hospitali kubwa huko chini nikapigwe kamera ya tumboni. Kamera inaingilia wapi sitakueleza. Wewe ni mwalimu, tumia akili.

Lakini dada, mbele yangu waliweka televisheni! Walinipa dawa ya kulegeza mwili, mimi nikagoma kulala, nikakaza macho. Nani Qurus nzima amewahi kuona utumbo wake mwenyewe akiwa hai? Wenzangu wameona wa mbuzi tu. Nilitegemea kuona matope, kumbe ni njia kama handaki. Mwanzoni palikuwa pekundu, pamechubuka, pana vidonda vidogo vidogo na damu inavuja ukipagusa tu. Kamera ilivyozidi kupanda, ghafla wekundu ukaisha, pakawa pazuri rangi ya waridi, panang'aa kama bomba jipya. Palikatika kama mtu amechora mstari. Nikauliza, ulimi mzito kama mlevi, kwa nini ugonjwa umesimama pale. Daktari wa kamera akasema hilo ni swali zuri na wakubwa wake nao wanaliuliza. Nilifurahi sana kusikia hivyo. Kidato cha pili na wakubwa wake, wote tuko darasa moja.

Majibu yakarudi kwa Daktari Edna, akatuita mimi na Mama. Akasema nina uvimbe kwenye utumbo mpana. Akasema ni ugonjwa wa kudumu, si wa kuambukiza na si wa kulogwa. Hauondoki moja kwa moja, lakini uvimbe unaweza kushushwa, ukishuka unalindwa usipande tena, na mtu akaishi mpaka akacheza na wajukuu. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwenye hilo neno.

Wewe ndiye mwalimu wa Kiswahili, hebu niambie, kwa nini neno moja limebebeshwa mizigo mingi hivi? Mama aliposikia uvimbe aliona ule uliomwondoa jirani yetu Selina, akajifunika uso kwa kanga pale pale, akaanza kusali rozari ya marehemu na marehemu mwenyewe nimekaa pembeni yake. Mimi nikaona huyu mama hajasoma. Nikajua uvimbe ni kuvimba, na kinachovimba kinaonekana, na kinachoonekana kinapimika. Nikampiga Mama begani, nikamwambia atulie, huu uvimbe nitausimamia mimi mwenyewe kwa vipimo vya kitaalamu.

Vipimo vya kitaalamu ni tepu ya Cresensia. Unamkumbuka, yule fundi cherehani anayetazamana na gereji yetu, mwenye mdomo. Kila Jumatatu asubuhi nakwenda, nainua fulana, ananizungushia tepu kitovuni, anaandika namba kwa chaki yake ya kitambaa nyuma ya mlango. Siku ya kwanza themanini na tatu. Aliniuliza kama napimwa suti ya harusi, na bibi harusi ni nani huyo mwenye bahati mbaya. Nikamwambia ni mambo ya hospitali, asingeelewa. Akasema kweli asingeelewa, yeye amezoea kupima watu wenye mwili.

Na dawa nilikunywa, usiseme sikunywa. Vidonge vikubwa vya njano, jina lake salfasalazini, pamoja na kingine kidogo cha kusaidia damu. Daktari alinionya kwamba mkojo unaweza kubadilika rangi, nisiogope. Nisiogope? Nilikuwa nakojoa Fanta! Niliwaita mpaka waosha magari waje washuhudie. Baada ya wiki kadhaa damu ikakoma, choo kikarudi mara moja au mbili kwa siku kama binadamu, na mlango wa Cresensia ukawa unasoma themanini na moja, sabini na tisa, sabini na saba. Uvimbe unashuka mbele ya macho yetu.

Mwezi wa kumi na moja nikaacha dawa. Sikumwambia mtu. Nilijiuliza, gari likishapona unaendelea kulifungua la nini? Isitoshe mgongo ulikuwa unaniuma kwa kubeba giaboksi, nikawa nanunua vidonge vya maumivu dukani, nikaona tumbo la mtu mmoja haliwezi kubeba famasi nzima. Na tepu ikanipa haki. Sabini na tano. Sabini na tatu. Unaona, nikasema, sasa unashuka wenyewe, hata dawa hauhitaji.

Wiki ya Noeli ilisoma sabini na moja. Hiyo siku ya pili ya Noeli ulikuwepo, sina haja ya kukusimulia jinsi jumuiya ilivyojaa sebuleni, Mama akanisimamisha nitoe shukrani, nami nikatangaza kwa sauti ya mhubiri kwamba kutoka sentimita themanini na tatu Mungu amenifikisha sabini na moja. Watu wakapiga makofi bila kujua sentimita za nini. Wewe ulipiga kigelegele kirefu kuliko wote, mpaka jogoo akajibu. Kigelegele hicho kishike, dada, nacho tutakirudia.

Mwezi wa kwanza gari moja la watalii likafa chini ndani ya kreta. Wageni wakahamishiwa gari lingine, sisi tukaitwa kulifufua, mimi na Fundi Ngoyai, na askari wa hifadhi mbele yetu na gari lao. Tukateremka ule ukuta kwa gia namba moja, mawingu yako juu, nyumbu huko chini kama mbegu za ulezi zilizomwagika. Tulipofika, askari akasema tusishuke, tungoje. Majike mawili ya simba yalikuwa yamekuja kulala kwenye kivuli cha gari bovu. Gari letu liliposimama pembeni, kivuli chetu kikawa kikubwa zaidi, yakahamia kwetu. Dada, jike moja liliegemea tairi la mbele, nikasikia gari linatikisika linapojikuna.

Na tumbo langu likachagua dakika hiyo.

Nilikuwa nimeanza tena muda kidogo kabla ya hapo, nitakuja kueleza, ila najikaza, nasema nimekula nyama mbaya. Siku hiyo hakuna kujikaza. Nikamwambia Fundi nataka kushuka. Akasema nishuke tu, nao wale chini wanataka nishuke. Nikamwambia Fundi, sitanii. Akanitazama usoni, jasho la baridi linanitoka, akaacha kucheka. Akavuta ndoo ya grisi iliyokuwa imekwisha, akanisukumia nyuma ya kiti, kisha akavua shuka lake jekundu akalishika juu kwa mikono miwili kama pazia, mgongo wake kwangu, uso wake kwa simba. Akakaa hivyo hivyo muda wote, mtu mzima yule, na akaanza kunieleza habari za beringi kana kwamba tuko darasani. Akasema lile gari lililokufa anajua limekufa na nini bila kulifungua. Beringi ya gurudumu la mbele. Grisi iliisha siku nyingi, haba, yaani kile kitovu cha gurudumu kinachobeba beringi, ikawa inapata moto kila safari, na dereva atakuapia kwamba hakusikia kelele yoyote. Akasema ndiyo maana kila gari likirudi gerejini ananituma nishike haba zote nne kwa mgongo wa mkono. Ukisikia kelele, umeshachelewa.

Nilipomaliza alikunja shuka, akaangalia ndani ya ndoo mara moja tu. Damu ilikuwa nyingi. Hakusema pole wala nini. Alisema kesho sitaki kukuona gerejini, nataka nisikie uko hospitali.

Nikaenda, na kiburi changu mfukoni. Nilikuwa nimenakili namba zote za mlango wa Cresensia kwenye karatasi, themanini na tatu mpaka sabini na moja, nikamwekea Daktari Edna mezani kama mwanafunzi anayeleta matokeo. Aliuliza ni namba za nini. Nikamweleza. Kwanza alicheka mpaka nesi akachungulia. Akaniuliza kama homa nayo huwa naipima kwa rula. Halafu akaniambia nipande kwenye mzani, na kicheko kikamwisha. Kilo arobaini na nane. Akashika ile karatasi akaniambia taratibu, kwa mara ya kwanza bila haraka yake ile, kwamba uvimbe wangu haujawahi kuwa huko nje. Uko kwenye ngozi ya ndani ya utumbo, mwembamba kama karatasi, hauongezi hata sentimita moja ya suruali. Nilichokuwa napima ni mtu, na mtu ndiye aliyekuwa anaisha.

Nikaichukua ile karatasi, dada, nikaikunja mara nne.

Kisha nikaanza kuuliza, maana nikinyamaza sana naumwa zaidi. Kama hauonekani na hauna sentimita, kwa nini anauita uvimbe? Akasema ndilo neno alilonalo. Kwa lugha ya vitabu ni inflamesheni: mwili unawasha moto kupigana na adui, jambo jema kabisa ukijikata kidole, ila kwangu moto unawaka na adui hayupo, unaunguza nyumba yenyewe. Nikauliza basi mbona nilijisikia mzima mwezi mzima baada ya kuacha dawa. Akasema moto unaweza kuwa unafuka huko chini muda mrefu kabla mwenyewe hujasikia kitu.

Hapo ndipo nikaruka kwenye kiti. Nikamwambia, Daktari, hilo si uvimbe, hilo ni joto la haba! Akauliza haba gani. Nikamfundisha, naam, mimi nilimfundisha daktari: beringi, grisi, mgongo wa mkono, dereva anayesema hakuna kelele. Nikamwambia kidonge cha njano ni grisi. Hakiwekwi kwa sababu gari linapiga kelele, kinawekwa ili lisije likapiga. Akaniangalia kidogo, akachukua kalamu akaandika. Wiki iliyofuata nesi aliniambia kuwa sasa mgonjwa yeyote aliye dereva au fundi anaelezwa habari za haba. Sijaomba jina langu liandikwe ukutani, lakini wakitaka kuliandika ni Remigius, kwa R kubwa.

Tangu hapo nautunza utumbo wangu. Alinipa dawa nyingine za kuushusha moto haraka, akanionya kwamba hizo haziachwi ghafla, zinapunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Nikasema naelewa, ni kama kuteremka kreta, huweki gari fri likajiendea bila gia. Zimenipa mashavu kama ya askofu na njaa ya fisi. Mama anafurahi, anadhani ni uji wake. Hizo zimekwisha sasa, nimebaki na Fanta yangu kila siku, na nitabaki nayo. Vidonge vya maumivu vya dukani alinikataza kabisa, akasema kwa mtu kama mimi vinaweza kuchochea. Mgongo sasa naukanda kwa maji ya moto. Nina daftari naandika nimekula nini na tumbo limesema nini. Nimegundua makande yananisumbua wakati moto umewaka lakini ukiwa umetulia nakula sahani mbili, na ya kuomba. Pilipili nilidhani ndiyo mchawi, kumbe kwangu haina kesi. Daktari anasema kila mtu ana daftari lake, nisimlazimishe mwingine langu. Na kila baada ya muda wananitoa damu na kupima choo, hata nikiwa nacheka, ili washike haba kabla ya kelele. Kile kikopo cha choo nakipeleka kwa bodaboda nimekifunga kwenye mfuko wa zawadi. Juzi mwenye bodaboda aliniuliza kama ni keki.

Kuna siku nilimuuliza ugonjwa huu ulitoka wapi. Akasema kwa kweli hawajui wote. Kidogo ni damu ya ukoo, kidogo ni mambo mengine. Nikauliza damu ya ukoo maana yake nini. Akasema ndugu wa mgonjwa wengi hawaupati kamwe, wala tusitishane, lakini ndugu wa tumbo moja ana nafasi kubwa kidogo kuliko jirani, kwa hiyo ndugu akiwa na dalili asiambiwe ni maji. Alisema hivyo hivyo, dada: asiambiwe ni maji. Na mimi nilikuwa sijamtajia mtu wala maji.

Sasa tumefika.

Asubuhi ya ile siku ya shukrani, kabla hata ng'ombe hawajakamuliwa, tulikutana mlangoni pa choo, mimi natoka, wewe unaingia. Uliniambia umeamka kuangalia kuku. Mimi nikakuambia nilikuwa natafuta spana. Spana, chooni! Na wewe mwalimu, mtu wa viduara kumi na saba, hukunisahihisha. Ulipita upesi. Baadaye nikakuona nyuma ya nyumba unafua kitenge peke yako kwa maji baridi, unasugua sehemu moja tu. Mama alidhani una bidii. Mimi niliijua kufua kule, dada. Nimeshafua hivyo, sehemu moja, kwa maji baridi, kabla watu hawajaamka. Na ulipoingia ndani nikakwenda chooni tena, nikaona damu ambayo hukuwahi kuimwagia maji ya kutosha. Haikuwa yangu. Yangu nilikuwa nimeisafisha.

Maana asubuhi hiyo na yangu ilikuwa imesharudi. Hilo ndilo ninalokuficha tangu Noeli. Nilipokuwa nimesimama sebuleni natangaza sabini na moja, nilikuwa natoka damu siku ya nne. Niliogopa kumwaibisha Mama aliyekwisha kuchinja kondoo, niliogopa kuonekana mwongo, na zaidi nilipenda makofi. Na wewe ukiwa na yako tumboni ukanipigia kigelegele. Nilikuona ukishika ukingo wa meza ulipomaliza.

Ningesema neno moja kuhusu yako, ningelazimika kusema na yangu. Kwa hiyo nikachagua kunyamaza. Nilirudi Karatu, wewe ukarudi Arash, na tangu hapo hata baada ya kupata akili yangu kwa Daktari Edna niliendelea kunyamaza miezi mitatu mizima, kwa sababu kukuambia niliyoyaona ni kukuambia pia kwamba nilikuacha uondoke nayo. Nisamehe dada. Hiyo unaweza kuiweka kiduara chekundu, na "Rudia" usiiandike, maana sitairudia.

Inawezekana ni maji. Mimi si daktari, ni fundi wa haba. Inawezekana ni amiba wa kweli, wale waliohama kwangu. Lakini umeandika "tena", na umeandika "kidogo", na mimi nazijua hizo "kidogo". Supeet anageuka kurudi Karatu Jumatano, uje naye. Nimemwomba asikipe mtu kiti cha mbele, nikamwambia kina mzigo usiotakiwa kutikiswa, na nimemwomba asimame kila utakapomwambia simama, bila kuuliza sababu. Amesema sawa, lakini ndani ya hifadhi atachagua yeye mahali. Alhamisi Daktari Edna anatungoja. Nimemwambia namletea mwalimu, akasema basi ajiandae na maswali. Nitakaa nje mlangoni. Kama ni kamera, nitakwenda nawe hadi huko chini, na usilale, dada, angalia televisheni. Ni pazuri kuliko unavyodhani.

Mama nilimwambia yangu yote jana jioni. Alinisonya, akalia, akanipa uji. Yako sijagusa, hiyo ni ya kinywa chako.

Nisalimie walimu wenzako wote, na wale watoto wa Darasa la Nne, uwaambie mjomba wao wa Karatu amemfundisha daktari. Mama anakusalimu, Cresensia anakusalimu na anauliza ni lini utamletea shanga za huko, Fundi Ngoyai anakusalimu kwa shuka lake jekundu, hata jogoo anakusalimu kwa ukorofi wake. Mungu akushike mpaka Jumatano, kutoka hapo tutakushika sisi.

Ni mimi mdogo wako wa damu, tena damu yenyewe hii hii,

Remigius

Humo ndani ya bahasha utakuta tepu. Ni ile ya Cresensia, amenipa, ameshanunua nyingine. Usijizungushie. Wape watoto wapimie madawati.